Kidonge, Mguu na Bahari: Hoja ya Kufundisha Ustawi wa Jamii na Afya ya Jamii Pamoja, kwa Mfano wa Juani

Mwaka 2000, Tanzania Bara ilipoanza kugawa kingatiba ya matende na mabusha kwa watu wote badala ya wagonjwa peke yao, kazi ilianzia Mafia. Dawa zilikuwa mbili, ivermektini na albendazoli, zilizotolewa bure na kampuni zilizozitengeneza. Mgawaji alitumia fimbo ya kupimia urefu ili kujua kila mtu ameze vidonge vingapi vya ivermektini. Hesabu yenyewe haina utata: watu wasiopungua asilimia 65 ya wakazi wote wameze dawa kila mwaka kwa miaka mitano au zaidi, na mbu watakosa vijidudu vya kusambaza.

Hiyo ni hesabu ya afya ya jamii, na ni hesabu nzuri. Tatizo lake huonekana mtu akiitazama akiwa upande wa mgonjwa. Kingatiba huua minyoo michanga inayozunguka katika damu. Mguu uliokwisha kuvimba haiurudishi ulivyokuwa, na busha hailiondoi. Mzee wa kisiwa cha Juani, huko huko Mafia, mwenye matende anaweza kumeza vidonge mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, huku mguu ukibaki uleule. Akikataa mwaka wa nne, daftari litaandika kwamba amekataa, na hapo ndipo habari yake inapoishia. Daftari halina safu ya kuandika kwamba kwa akili yake timamu amepima dawa kwa matokeo anayoyaona, akaona haifanyi kazi.

Makala haya yanatetea hoja kwamba mafunzo ya uzamili ya ustawi wa jamii na ya afya ya jamii yanafaa kuunganishwa nchini Tanzania, na kwamba mahali pa kuyaunganisha ni uwandani, katika sehemu kama Juani. Kuunganisha vyeti huku kazi ikibaki imegawanyika hakutamsaidia mzee yule.

Juani ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kusini mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia, ng'ambo ya ghuba ya Chole. Wasomi wa historia wanakijua kwa magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika karne ya 19. Wahifadhi wanakijua kwa kasa wanaotaga kwenye fukwe zake za upande wa bahari kuu. Tangu 1995 kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na kanuni za hifadhi zinahusu nyavu, maeneo ya kuvua na mwamba wenyewe. Anayetaka hospitali ya wilaya hupanda chombo hadi Utende, kisha hufuata barabara mpaka Kilindoni. Rufaa ikilazimu, kuna bahari nyingine ya kuvuka kwenda Nyamisati, upande wa bara.

Mtaalamu wa afya anayefika hapo huuliza ni nani anaumwa na kwa kiwango gani. Ofisa ustawi huuliza nani anamtunza nani, nani ana haki ya msamaha wa matibabu, mtoto gani ameacha shule. Kwenye kisiwa kidogo maswali hayo huangukia nyumba ileile. Mwenye matende hushauriwa kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha, kuuinua na kuvaa viatu. Ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini kwenye kisiwa cha mawe maji baridi hutafutwa, na mara nyingi anayeyateka ni binti au mke. Tiba ya mguu wa baba huwa saa za kazi za mtu mwingine. Busha ni jambo jingine tena: lina upasuaji wa kuliondoa, lakini anayeuhitaji hana budi kwanza kukiri mbele ya mtu kwamba analo. Hata nauli na siku za kutokuvua havimzuii kama aibu inavyomzuia.

Hapa historia ya pwani nayo ina neno. Vijidudu vya matende vya Afrika Mashariki hujaa katika damu usiku, kwa hiyo kwa miaka mingi watafiti walilazimika kupita nyumbani kwa watu usiku wakichukua damu. Katika ukanda ambao watoto wamekua wakiogopeshwa mumiani, hakuna namna mbaya zaidi ya kujitambulisha. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba hadithi za wanyonya damu Afrika Mashariki zilikuwa njia ya watu kuzungumzia mamlaka, kazi na uganga wa kikoloni, na akakataa kuziita upuuzi. Siku hizi vipimo vya haraka hufanyika hata mchana, lakini kumbukumbu haifutiki kwa kubadilisha kipimo.

Dharau ya kumbukumbu hizo imekuwa na gharama. Mwaka 2008, ugawaji wa dawa ya kichocho katika shule za Morogoro ulisababisha ghasia baada ya uvumi kwamba watoto wanadhurika. Karibu na wakati huo watafiti Melissa Parker na Tim Allen, wakichunguza kingatiba ya matende Pangani na Muheza, walikuta watu wengi wasioamini kwamba mbu ndiye chanzo cha uvimbe, na walioitilia shaka dawa ya bure isiyoombwa na mtu. Wengi waliosoma habari hizo walihitimisha kwamba elimu zaidi inahitajika. Hitimisho hilo ni jepesi mno. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kusikiliza kabla ya fimbo ya vipimo kufika, na kazi hiyo ina taaluma yake, inayofundishwa Kijitonyama.

Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Umbali kutoka hapo hadi Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Upanga, ni safari ya daladala, lakini kitaaluma ni dunia mbili. Upande mmoja hufundisha usimamizi wa shauri la mtu, sheria ya mtoto na ushauri nasaha. Upande mwingine hufundisha epidemiolojia na takwimu. Serikali nayo imeyumba kati ya kuziweka pamoja pande hizo na kuzitenganisha: kwa miaka kadhaa afya na maendeleo ya jamii vilikuwa chini ya wizara moja, kisha Januari 2022 ikaundwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kwa mhitimu anayejua pande zote mbili, swali la kwanza ni la kawaida kabisa: mwajiri wake ni yupi?

Marekani suala la kuunganisha taaluma hizi ni la siku nyingi. Mwaka 1902 homa ya matumbo ilipozuka Chicago, daktari Alice Hamilton, aliyekuwa akiishi Hull House, nyumba ya huduma iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr mwaka 1889, alipita na wenzake nyumba kwa nyumba wakikagua vyoo na mifereji. Walihitimisha kwamba nzi ndio waliosambaza ugonjwa. Ripoti yao ilitikisa idara ya afya ya jiji, ambamo wakaguzi walikuwa wakifumbia macho makosa ya wenye nyumba. Baadaye Hamilton alijua kwamba chanzo kikuu kilikuwa maji taka yaliyoingia kwenye bomba la maji ya kunywa, na kwamba wakubwa walilificha jambo hilo. Kisa hiki hupendwa na watetezi wa shahada za pamoja, ingawa mara nyingi nusu ya pili huachwa. Ni nusu yenye faida zaidi: waliowajua wapangaji hawakuwa na taarifa za bomba, na wenye taarifa za bomba hawakuwa na sababu ya kuwaogopa wapangaji.

Leo chuo kinachobeba jina la Jane Addams, ndani ya University of Illinois Chicago, huruhusu wanafunzi kusomea shahada mbili za uzamili kwa pamoja, kama ilivyo Boston University na Washington University ya St. Louis. Chuo hichohicho kilianza mwaka 2006 kushirikiana na Taasisi ya Kijitonyama kuandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii kwa ajili ya yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Njia ya kuazima mtaala ipo, basi. Mashaka ya mwandishi ni juu ya kuuazima mzima mzima. Shahada mbili huongeza ada na muda, na humtoa mhitimu ambaye hatarudi wilayani. Mafia, iliyokuwa na watu 46,000 na ushei katika sensa ya 2012, haihitaji bingwa mwenye vyeti viwili anayefika mara moja kwa mwaka na timu ya tathmini.

Tukio la Pemba linaonyesha kinachohitajika. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa na haina dawa ya kuizimua. Juani, shirika la Sea Sense limekuwa likiwalipa wanakijiji wanaotoa taarifa za viota, na kulipa tena kulingana na mayai yaliyoanguliwa. Kwa mhifadhi huo ni ulinzi wa kasa. Mtu wa afya anaweza kuuona kama kinga ya sumu, na mtu wa ustawi akauona kama kipato kinachoshindana na kitoweo. Anayeandaa ujumbe wa tahadhari bila kuyajua yote matatu atasikika kama askari wa hifadhi aliyevaa koti jeupe.

Kwa hiyo pendekezo ni dogo kuliko shahada mpya. Vyuo viwili, cha Kijitonyama na cha Muhimbili, vikubaliane juu ya uwanda mmoja, tasnifu moja na wasimamizi wawili, na wanafunzi wao wafanye kazi bega kwa bega na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294. Wahudumu hao wanatazamiwa kugusa afya, lishe na ustawi kwa pamoja. Wanaowafundisha na kuwasimamia bado wamegawanyika.

Na muda wa uwandani usifuate muhula. Ufuate upepo, uguse kaskazi na kusi. Mwanafunzi anayefika Januari ataandika kwamba rufaa ya Hospitali ya Muhimbili ni safari ya siku moja. Akibaki hadi Julai, kusi ikivuma kati ya Kilindoni na Nyamisati, ataifuta sentensi hiyo.