Udongo wa gunia: Mboga za Kibera na Kawangware na swali lisiloulizwa

Katika vichochoro vya Gatwekera, Lindi na Laini Saba mtaani Kibera, na nyuma ya nyumba za mabati za Gatina na Kabiro huko Kawangware, si ajabu kukuta gunia limesimama mlangoni, ubavu wake wote umechipuka majani. Hicho ndicho kilimo cha magunia. Kimelisha familia nyingi jijini Nairobi na kimesifiwa sana na mashirika ya misaada. Hata hivyo, sifa zimeelekezwa kwa gunia lenyewe na miche yake. Udongo uliomo ndani, ambao ndio mlo halisi wa mboga hizo, haujaulizwa vya kutosha umetoka wapi.

Kilimo hiki kilienea Kibera baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Soko la Toi lilikuwa limeteketezwa, reli ya kuelekea Uganda iling'olewa mtaani humo, na bei ya vyakula ikapanda ghafla. Mnamo 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kugawa miche ya sukuma wiki na spinachi kwa familia zilizokuwa tayari kutafuta gunia na kulijaza udongo. Mwaka huohuo vijana wa Kibera waligeuza jaa la taka kuwa shamba la mboga zisizotiwa kemikali. Mfano huo ulivuta waandishi wa habari kutoka mbali.

Kwa nini gunia, wala si tuta la kawaida? Jibu ni ardhi. Chumba cha kawaida Kibera ni futi 10 kwa 10, na anayekaa humo ni mpangaji. Sehemu kubwa ya ardhi ya mtaa huo ni mali ya umma, na mkazi hana hati ya kumlinda. Julai 2018 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Tuta haliwezi kuhamishwa. Gunia laweza kumwagwa, udongo ukabebwa kwa ndoo hadi kwingineko. Kawangware ni tofauti kidogo. Huko ploti nyingi zina wenyewe, nafasi ni afadhali, na bado wapo wafugao mbuzi, kuku na hata ng'ombe wa maziwa. Aidha, machinjio ya Dagoretti yako upande huohuo wa jiji. Kwa hiyo mkulima wa Kawangware hupata samadi kwa urahisi kuliko mwenzake wa Kibera.

Utengenezaji wa gunia si kazi ngumu. Gunia la kilo 90 husimamishwa, na kopo kubwa lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi iliyooza humwagwa kulizunguka, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hadi gunia litakapojaa na nguzo ya mawe kubaki katikati. Nguzo hiyo ndiyo mfereji wa maji. Bila hiyo, mimea ya chini hukauka huku ya juu ikioza. Matundu hutobolewa ubavuni na kila tundu hupewa mche mmoja. Vitunguu au dania hupandwa juu.

Sasa tuje kwenye udongo. Wataalamu wa kilimohai husema "udongo hai", yaani udongo wenye bakteria, kuvu, minyoo na vijidudu vinginevyo ambavyo humeng'enya mabaki ya mimea na kuyageuza kuwa chakula cha mizizi. Neno hilo limevuma miaka ya karibuni hasa miongoni mwa wakuzaji wa bangi katika vivungulio vya nyumbani huko Canada, nchi iliyohalalisha mmea huo mwaka 2018, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Nchini Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inapiga marufuku kilimo cha bangi, na makala haya hayamshauri yeyote kujaribu. Lakini elimu wanayoisifu wakuzaji hao si mpya. Taasisi ya Kilimohai ya Kenya (KIOF) ilianza kufunza wakulima wadogo kutengeneza mboji tangu 1986, na nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuhusu viwango vyao vya pamoja, pamoja na alama ya Kilimohai, mwaka 2007.

Mboji ya kweli huwaka moto. Majani makavu, maganda ya viazi, mabaki ya sokoni na samadi vikirundikwa hadi kufikia takriban mita moja kila upande, vikalowanishwa kiasi, joto la ndani hupanda hadi kupita nyuzi 55. Joto hilo likidumu, huua vijidudu vya maradhi na mayai mengi ya minyoo ya tumbo. Kanuni za kilimohai za Marekani hudai siku 15 za joto la namna hiyo kwa rundo la nje, nalo ligeuzwe angalau mara 5. Hapa ndipo ugumu wa Kibera unapojitokeza: nani ana mita moja ya mraba ya kurundikia taka? Wanaofaulu aghalabu ni wale walioungana katika vikundi na kutumia uwanja wa shule au wa kanisa. Aliye peke yake anaweza kufuga minyoo ndani ya ndoo yenye matundu. Mbolea yake ni nzuri mno, ila haipati joto, kwa hiyo kinyesi cha binadamu au cha mbwa kisiingie humo kamwe. Kinyesi cha kuku nacho kikiwa kibichi huunguza miche, kioze kwanza.

Jambo moja ambalo wauzaji wa dawa za "kuhuisha udongo" hawalisemi ni kwamba sukuma wiki na spinachi hazishirikiani na zile kuvu za mizizini zinazouzwa kwa bei ghali. Vitunguu, nyanya na kunde hushirikiana nazo. Mwenye gunia la sukuma wiki asipoteze pesa zake, mboji yamtosha. Na akipanda kunde baada ya mavuno, bakteria za mizizi yake zitarudisha naitrojeni udongoni.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho joto la mboji haliwezi kukiua, nacho ni metali nzito kama risasi na kadmiamu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa magunia ya Kibera. Waligundua kwamba wakulima waliogopa zaidi uchafu wa vyoo na maji machafu, ilhali metali nzito nazo zilikuwa hatari kubwa. Wakulima hawakuwa wajinga. Kinyesi huonekana na hunuka. Risasi haionekani wala hainuki.

Metali hizo hutoka wapi? Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na ile iliyoanguka kando ya barabara kuu ingalipo. Kuna betri zilizopasuliwa, rangi za zamani, na majivu ya taka za plastiki. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilichunguza watoto 328 waishio karibu na jaa la Dandora. Takriban nusu yao walikuwa na risasi damuni iliyofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kwa hiyo anayechota udongo kwenye kingo za mto Motoine, kando ya reli au juu ya jaa la zamani hajui anachopanda nacho. Ni heri kununua udongo uliotoka shambani, mbali na barabara, na kuchanganya na mboji nyingi. Mboji hufunga sehemu ya risasi isinyonywe na mizizi, hasa udongo usipokuwa na asidi nyingi. Majivu safi ya kuni hupunguza asidi hiyo. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi ni sumu juu ya sumu.

Mboga nazo hazilingani. Mboga za majani hunyonya kadmiamu kwa wepesi kuliko mimea izaayo matunda. Mwenye shaka na udongo wake ni afadhali apande nyanya au maharagwe kuliko spinachi. Risasi kwa upande wake hufika mezani zaidi kama vumbi lililoganda juu ya jani. Kuosha mboga kwa maji safi mara mbili au tatu si anasa, ingawa katika mtaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi ushauri huo ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata. Kipande cha plastiki angavu kilichotandazwa juu ya fito, mithili ya kivungulio kidogo, huzuia vumbi la barabarani na pia huwafaa wenye nyanya katika baridi ya Julai. Sukuma wiki haihitaji joto hilo.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, na hivyo kukipa kilimo hiki nafasi ambayo zamani hakikuwa nayo mbele ya askari wa baraza la jiji. Kuhusu upimaji, maabara za KALRO zilizoko Kabete, si mbali na Kawangware, hupima udongo wa wakulima kwa malipo. Kipimo cha kawaida huonyesha asidi na virutubisho tu. Anayetaka kujua kuhusu risasi na kadmiamu sharti aviombe kwa majina anapopeleka sampuli, na kwa kuwa gharama huongezeka, vikundi kadhaa vinavyochota udongo mahali pamoja vyaweza kuchangia sampuli moja.