Nguo ya Kuazima: Wajapani, Waswahili na Hati za Wageni

Wale kati yetu wanaochukua Kijapani kama somo la ziada huulizwa na wenzao swali lile lile: kwa nini lugha moja iandikwe kwa hati tatu? Ukifungua gazeti la Kijapani utakuta kanji, ambazo ni herufi zilizotoka China, hiragana zilizopindapinda na katakana zenye ncha, zote ndani ya sentensi moja. Kwa mgeni inaonekana kama fujo. Jibu liko katika historia, na tulipoifuatilia tuliona kwamba inatuhusu sisi Waswahili pia, kwa kuwa babu zetu nao waliandika lugha yao kwa hati waliyoipokea kwa wageni.

Wajapani hawakuwa na maandishi yao wenyewe. Herufi za Kichina ziliwafikia kupitia rasi ya Korea, na kufikia karne ya 5 zilikuwa zikitumika kwao. Tatizo likaanza hapo. Kichina na Kijapani si lugha za ukoo mmoja. Neno la Kichina halibadiliki umbo, na kila herufi hubeba maana yake. Kijapani, kama Kiswahili, hupachika viambishi kwenye kitenzi. Kutoka *taberu*, yaani kula, unapata *tabeta*, amekula, na *tabesaserareta*, alilazimishwa kula. Herufi ya Kichina inaweza kukuonyesha "kula", lakini mkia huo wote utauandika kwa nini?

Ō no Yasumaro, aliyekamilisha kitabu cha *Kojiki* mwaka 712, aliueleza ugumu huo katika utangulizi wake. Ukiandika kwa kufuata maana peke yake, maneno hayafiki moyoni. Ukiandika kwa kufuata sauti peke yake, maandishi yanakuwa marefu mno. Yeye alichanganya njia mbili. Njia ya sauti ilitumika sana katika *Man'yōshū*, mkusanyo wa karne ya 8 wenye mashairi zaidi ya 4,500. Neno *yama*, mlima, liliweza kuandikwa kwa herufi moja yenye maana ya mlima, au kwa herufi mbili zilizochukuliwa kwa sauti zake tu, moja ya *ya* na nyingine ya *ma*, bila kujali zilimaanisha nini kwa Wachina.

Katika karne ya 9 herufi hizo za sauti zilianza kupunguzwa. Watawa wa Kibudha, waliohitaji kuandika vidokezo vidogo kando ya vitabu vya Kichina, walichukua kipande tu cha herufi, na hivyo zikapatikana katakana. Wengine waliandika herufi nzima kwa haraka, mstari ukilainika hadi umbo la asili likapotea, na hizo ndizo hiragana. Kila alama inasimamia silabi moja: a, i, u, e, o, ka, ki, ku, ke, ko. Aliyesoma darasa la kwanza kwetu na kuimba "ba, be, bi, bo, bu" atalielewa jedwali hili siku ya kwanza, maana silabi za Kijapani, kama zetu, kwa kawaida huishia na irabu.

Hiragana ziliitwa "mkono wa wanawake". Wanaume wa serikali waliandika Kichina, lugha ya sheria na elimu, na haikutarajiwa mwanamke aisome. Murasaki Shikibu anasimulia katika shajara yake kwamba alijifunza Kichina kwa kusikiliza tu kaka yake alipokuwa akifundishwa, na kwamba baba yake alisikitika kuwa hakuzaliwa mwanamume. Mwanzoni mwa karne ya 11 mwanamke huyo aliandika *Genji Monogatari* kwa hati hiyo iliyodharauliwa, na leo hicho ndicho kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote katika fasihi ya Kijapani. Hata mwanamume Ki no Tsurayuki, alipotaka kuandika habari za safari yake kwa Kijapani cha kawaida, karibu mwaka 935, alijifanya kuwa msimulizi ni mwanamke.

Baadaye hati hizi zilikaa pamoja. Katika maandishi ya sasa mzizi wa neno mara nyingi huandikwa kwa kanji, viambishi kwa hiragana, na maneno ya kigeni kwa katakana: *basu*, basi letu, *pan*, mkate, neno waliloachiwa na Wareno, watu wale wale waliotuachia sisi meza na leso. Hati tatu zinagawana kazi, na msomaji aliyezoea huona kwa jicho mahali neno linapoanza, ingawa Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno.

Hata hivyo, mfumo huo nusura uangushwe, na walioanza kuupinga walikuwa Wajapani wenyewe. Mwaka 1866 Maejima Hisoka, ambaye baadaye alianzisha posta ya Japani, alimwandikia shoguni akiomba kanji zifutwe, kwa sababu watoto walimaliza miaka wakikariri herufi badala ya kujifunza maarifa. Ombi lenyewe ilibidi aliandike kwa kutumia kanji. Miaka michache baadaye Mori Arinori alifika hadi kupendekeza Kiingereza kichukue nafasi ya Kijapani. Serikali haikumfuata, ila mwaka 1900 ilipanga kwamba shuleni kila silabi iwe na umbo moja tu la hiragana, pale ambapo kabla yake yalikuwapo kadhaa.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya vita. Mwaka 1946 ujumbe wa elimu kutoka Marekani, nchi iliyokuwa ikiikalia Japani, ulishauri herufi za Kilatini zitumike. Mwaka huo huo serikali ya Japani ilitoa orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kawaida na kurekebisha tahajia ya kana. Mwaka 1948 wataalamu waliwapa mtihani watu zaidi ya 16,000 nchini kote. Wasiojua kusoma na kuandika kabisa walikuwa takriban 2 katika kila 100, ingawa waliopata alama zote nao walikuwa wachache. Hoja kwamba kanji zimewaacha watu gizani ikapungua nguvu. Orodha ya mwaka 2010 ina kanji 2,136, nyingi kuliko ile ya 1946.

Sasa turudi nyumbani. Waswahili wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya ukoloni. *Utendi wa Tambuka* ulitungwa Pate mwaka 1728. Nasi nguo ya kuazima ilitubana. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, zetu ni tano, kwa hiyo "kuku" na "koko" ziliweza kuandikwa sawasawa. Herufi ya *p* haikuwepo, wala ya *ch*. Waandishi wetu walifanya walivyofanya watawa wa Japani: waliongeza nukta, wakachukua herufi za Kiajemi, wakaishona nguo upya ikawakaa.

Tofauti iko kwenye uamuzi. Katika karne ya 19 wamisionari kama Edward Steere walichapa Kiswahili kwa Kilatini, tawala za kikoloni zikafuata, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia ya Kilatini. Kamati hiyo ilianza kazi bila Mswahili miongoni mwa wajumbe wake. Hakuna aliyewapa wazee wa Lamu na Mombasa mtihani kwa hati yao, kama walivyopewa Wajapani, ili ijulikane ni wangapi waliojua kusoma. Mtu aliyeandika barua, hati za mirathi na mashairi kwa Kiswahili akajikuta mbele ya karani hahesabiwi kuwa msomi.

Hatusemi turudi nyuma. Kilatini kina irabu zetu zote tano, na kimekibeba Kiswahili hadi bara, Kongo na Burundi, kwa watu wengi ambao hawakuwa wamejifunza hati ya Kiarabu. Lakini mwanafunzi wa Tokyo hujifunza hati za mababu zake shuleni, na sisi tunapita mbele ya hati za mababu zetu kama mbele ya ukuta. Baadhi ya wanachama, hasa wenye asili ya Lamu, Unguja na Oman, wana barua za familia ambazo nyumbani hakuna tena wa kuzisoma. Na hapa London, SOAS inahifadhi mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza chama kitenge mikutano minne muhula ujao kwa ajili ya kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wanaojua kusoma Kurani tayari wana nusu ya kazi, na walimu wetu wanaweza kuisimamia nusu nyingine. Mwenye barua ya zamani alete nakala yake. Waliokariri kanji mia mbili kwa mtihani wa Kijapani hawatashindwa na herufi thelathini na kitu.