Kusoma historia ya faili kwa git log: nani alibadilisha nini, na lini

Faili moja ikishikwa na watu watatu, swali linakuja mapema: nani alibadilisha hii namba? Kwa karatasi mtu anaona mwandiko na mistari iliyokatwa. Kwa kompyuta haiko hivyo. Namba ya zamani inafutwa, mpya inaingia, na hakuna alama inayobaki. Ndiyo sababu waandishi wa programu walitengeneza mifumo ya kutunza matoleo, na unaotumiwa zaidi leo unaitwa Git.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi wa 4 mwaka 2005, wakati watengenezaji wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo mwingine, BitKeeper. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mfumo unaoitwa SCCS ulianza mwaka 1972 huko Marekani. Katika Afrika ya Mashariki, programu zinazojulikana zimejengwa kwa njia hii. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya fujo za uchaguzi, na ambayo mwaka huohuo ilitumiwa kukusanya habari za vita vya mashariki mwa Kongo, iko na historia yake wazi kwa kila mtu.

Kwa nini inafaa Bukavu

Mifumo ya zamani kama Subversion inaweka historia kwenye seva. Ukiandika `svn log`, mashine inapaswa kuzungumza na seva. Bila intaneti hakuna jibu. Git iko tofauti. Anayechukua nakala kamili ya kazi anachukua na historia yake yote, tangu siku ya kwanza. Kiisha hapo anaweza kuisoma Kadutu, Bagira au Panzi bila mega hata moja, delestaje ikiwa imekata umeme na batri tu ndiyo inabaki. Nakala inaweza hata kupita kwa flashi, kutoka mashine hadi mashine.

Jambo moja la kuangalia: kuna watu wanaokoa mega kwa kuandika `git clone --depth 1`. Hiyo inaleta hatua ya mwisho peke yake. Historia inakuwa fupi, na mtu anaweza kudhani kazi ilianza jana. Siku mega zikipatikana, `git fetch --unshallow` inaleta zilizobaki.

Amri ya kwanza

Tuseme kuna faili `bei.txt` yenye bei za vyakula na makala katika masoko ya Bukavu. Kila mara mtu anapomaliza kazi na kuandika `git commit`, Git inahifadhi hatua moja. Kuziona zote, unafungua terminali ndani ya folda ya kazi na kuandika:

`git log`

Hatua mpya iko juu, ya zamani iko chini. Kila moja inaonyesha vitu vinne: namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40, jina na barua pepe ya mwandishi, tarehe na saa, na maneno aliyoandika kueleza alichofanya. Orodha ikiwa ndefu, bonyeza nafasi kusonga mbele, na `q` kutoka. Wengi wanaoanza wanakwama hapa wakidhani mashine imegoma. Kumbe inangoja tu hiyo `q`.

Anayetaka muhtasari anaandika `git log --oneline`:

`e20a6f3 Sahihisha bei ya makala, Kadutu`
`41be97a Ongeza bei za Nyawera`
`8c1f0d4 Anzisha faili ya bei`

Hapa namba imefupishwa, lakini inatosha kuitambua hatua. Na hapa pia inaonekana faida ya kuandika maelezo mazuri. Mtu anayeandika "mabadiliko" kila siku anaacha historia isiyosema kitu.

Kuingia ndani ya hatua

Kujua kwamba bei ilisahihishwa haitoshi. Inatakiwa kuona ilikuwa ngapi. `git show e20a6f3` inafungua hatua hiyo. Mstari unaoanza na alama ya kutoa umeondolewa, unaoanza na alama ya kujumlisha umeingizwa. `git log -p` inafanya hivyo kwa hatua zote, na `git log --stat` inataja tu faili zilizoguswa na mistari mingapi.

Kuona faili nzima sawa vile ilivyokuwa siku ile, andika `git show 8c1f0d4:bei.txt`. Amri hii inaonyesha tu. Haibadilishi kitu kwenye kazi ya leo. Kulinganisha nyakati mbili, `git diff 8c1f0d4 e20a6f3`, ya zamani ikitangulia.

Kuchuja

Kazi ya miaka miwili inaweza kuwa na maelfu ya hatua. Hakuna anayezisoma zote. Hizi ndizo amri zinazosaidia zaidi:

- `git log -5` : hatua tano za mwisho.
- `git log -- bei.txt` : zile zilizogusa faili hiyo peke yake. Kama faili ilibadilishwa jina, ongeza `--follow` kabla ya vile vistari viwili.
- `git log --since=2025-01-01` : kuanzia tarehe hiyo.
- `git log --author=jina` : za mtu mmoja.
- `git log --grep=Nyawera` : zenye neno hilo katika maelezo.
- `git log -S"makala"` : zile ambapo neno hilo liliingia au lilitoka ndani ya faili zenyewe.
- `git log --graph --all` : matawi yote ya kazi, na mahali yanapokutana.

Ile ya `-S` inafaa sana wakati mstari umepotea. Haihitaji kujua nani wala lini. Neno lenyewe linatosha kuonyesha hatua iliyoliondoa.

Kabla ya kumshitaki mtu

Amri `git blame bei.txt` inaweka pembeni ya kila mstari jina la mtu wa mwisho kuugusa. Neno la mwisho lishikwe vizuri. Aliyepanga nafasi tu kati ya maneno anaonekana kama ndiye aliyeandika mstari wote. `git blame -w` inaacha mabadiliko ya nafasi, na hata hivyo ni lazima kurudi kwa `git show` na kuangalia nini hasa kilibadilika.

Jina nalo si hati ya utambulisho. Kila mtu anajiandikia jina kwa `git config user.name`, na anaweza kuandika la mwenzake. Tarehe inatoka kwenye saa ya mashine. Kompyuta ya mitumba yenye batri ya saa iliyokufa inaweza kusema mwaka 2010 bila aibu. Mwishoni mwa tarehe kuna alama ya majira: Bukavu ni `+0200`, Kinshasa ni `+0100`, Nairobi ni `+0300`. Hiyo pia ni mpangilio wa mashine, si ushahidi wa mahali mtu alipokuwa. Kundi linalohitaji uhakika linatia sahihi ya siri kwa `git commit -S`, na kuikagua kwa `git log --show-signature`.

Historia yenyewe inaweza kuandikwa upya. Lakini namba ya kila hatua inakokotolewa kutokana na yaliyomo, jina, tarehe na namba ya hatua iliyotangulia. Ukigusa hatua moja ya zamani, namba yake na za zote zinazofuata zinabadilika. Njia rahisi ya kujilinda: andika kwenye daftari namba ya hatua ya mwisho, inayotolewa na `git rev-parse HEAD`. Mwezi ujao, kama namba ile haimo tena katika `git log` ya tawi lilelile, mtu ameigusa historia.

Kilichofutwa hakijafutika

Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwa eneo letu. Mtu anayefuta jina la shahidi, namba ya simu ya mama aliyetoa habari, au neno la siri, kisha anahifadhi hatua mpya, ameliondoa katika faili ya leo tu. Hatua ya jana bado iko nalo, na yeyote mwenye nakala ataliona kwa `git log -p`. Kuna chombo cha kusafisha historia, `git filter-repo`, lakini hakifiki kwenye nakala ambazo tayari ziko kwa wengine. Neno la siri lililovuja linabadilishwa mara moja. Jina la mtu halibadilishwi. Basi lisiingie kabisa. Kabla ya kila `git commit`, `git diff --staged` inaonyesha kinachotaka kuingia, na huo ndio wakati wa kuliondoa.