JINA LA MAZRUI: NGOME NA KALAMU

Kijana ajapo kuandikishwa katika daftari letu hulitaja jina la ukoo wake kwa fahari. Jambo hilo ni jema. Lakini jina ni amana. Hukua ama huchakaa mikononi mwake alichukuaye. Basi na tulitazame jina moja la nchi yetu, jina la Mazrui.

Wamazrui walitoka Omani, wakawa maliwali wa Mombasa katika karne ya 18. Ukoo wa Albusaidi uliposhika utawala wa Omani, wao walikataa kuutii, wakajitawala katika ngome iliyojengwa na Wareno. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa. Wakuu wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni, na wengine wakahamia Takaungu na Gazi. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid aliwapiga vita Waingereza, hata mwaka 1896 akashindwa, akakimbilia nchi iliyokuwa ya Wadachi. Wala tusifiche: mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na hilo nalo limo katika jina.

Utawala ukaisha, jina lisiishe. Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, alishika kalamu. Mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah, akiwahimiza watu wa pwani waamke na kutafuta elimu. Alifanywa Kadhi Mkuu mwaka 1937, akafariki mwaka 1947.

Mwanawe, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, hakupata alama za kumwingiza Makerere, akawa karani Mombasa. Sisi makarani twaujua uchungu wa neno hilo. Lakini hakukata tamaa. Alipata kusoma Uingereza na Marekani, kisha akaingia Makerere ile ile iliyomkataa kufundisha, akawa profesa. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo, karibu na ngome ya wazee wake.

Ngome hiyo leo ni nyumba ya makumbusho, wala hakuna Mazrui aitawalaye. Vitabu vyao vingali vikisomwa. Kwa hiyo, wazee wetu, mtoto aliyeanguka mtihani tusimhesabu kuwa amekwisha, wala tusione uzito kumchangia karo. Jina hurithiwa, heshima yake hutafutwa upya na kila kizazi.