Flashi: kidude kidogo chenye historia ndefu

Karibu kila nyumba kwetu iko na flashi. Wengi tunaitumia paka kwa nyimbo za kwaya na filamu, kisha watoto wanaichezea. Mu numero hii tunaeleza historia yake, juu watu wa inchi zingine waliipa kazi zenye hatukuzoea kufikiria, na moja ya zile kazi inatugusa sana sisi wenye tulirudi.

Mwanzo wake uko Japani. Miaka ya 1980, injinia Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba alitengeneza aina ya kumbukumbu yenye haipotezi kitu hata umeme ukikatika. Mwaka 1984 aliieleza mbele ya mainjinia wenzake. Jina la «flash» lilitoka kwa mwenzake Shoji Ariizumi: vile ile kumbukumbu inafutika yote kwa mara moja, ilimkumbusha mwanga wa kamera ya picha. Ndani hamna kitu cha kuzunguka sawa vile kaseti. Kuna vyumba vidogo sana vyenye kufungia umeme kidogo, na ule umeme njo unashika maandishi na picha zetu. Tushike neno hilo, litatusaidia mbele.

Karibu na mwaka 1999, kampuni tatu zilidai kwamba zenyewe njo zilivumbua flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta: M-Systems ya Israeli, Trek ya Singapore na Netac ya China. Mwaka 2000 zikaanza kuuzwa. Ile IBM iliuza Marekani ilikuwa na megabaiti 8 tu. Leo tungeicheka, lakini wakati ule ilibeba kuliko flopi tano.

Toka hapo watu wakaanza kuitumia kwa akili yao. Kule Kuba, kwenye intaneti ilikuwa ghali na ya shida, watu walipanga mzigo wa kila juma wanaoita «el paquete». Ni filamu, magazeti, nyimbo na matangazo ya biashara, karibu terabaiti moja, yenye kupita mkono kwa mkono juu ya flashi na diski. Kila mtu ananakili chenye anataka, anapeleka kwa mwenzake. Korea ya Kaskazini ni vingine: mtu akikamatwa na filamu ya Korea ya Kusini anaweza kupata azabu kali. Pamoja na hiyo, watu wa Kusini waliingiza flashi ndani ya chupa zenye mchele, wakazitupa baharini ili maji yazipeleke ngambo. Mu mwaka 2010, msanii Aram Bartholl alijengea flashi tano ndani ya kuta za New York, kichwa kikitokea inje, mpita njia yeyote achomeke kompyuta yake, achukue ao aache kitu.

Karibu na kwetu, mwaka 2014, mu Mathare kule Nairobi, walijaribu flashi yenye iliitwa Keepod, ya bei ya dola 7 hivi. Yenyewe ilibeba programu nzima ya kuendesha kompyuta. Unaichomeka kwenye mashini ya zamani, hata yenye diski yake ilikufa, mashini inaamka na vitu vyako. Ukichomoa, unaenda na «kompyuta» yako mu mfuko, na mwingine anakaa kwa ile mashini. Kazi hiyo inawezekana hata leo kwa programu za bure sawa Linux. Mashini moja ya zamani inaweza kutumikia wanafunzi kumi. Kuna pia Kiwix, yenye inawezesha kuweka Wikipedia juu ya flashi, ikasomwa bila intaneti.

Na sisi Wakongomani tunajua maana ya kukosa intaneti. Ilikatwa mu Januari 2015. Ikakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, ikabaki hivyo karibu juma tatu. Siku kama zile, chenye kinaweza kutembea ni chenye mtu anabeba mwenyewe.

Sasa tufike kwa yetu. Mwaka 2005, HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, familia zilibeba mabati, sufuria, na bahasha ya makaratasi. Ile bahasha njo ilikuwa mali ya kweli: biletini za shule ya kambi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya shamba lenye baba aliacha. Mvua, mchwa na moto vimekula nyingi. Na mwenye anarudi akute mtu mwingine analima shamba lake, bila karatasi atasema nini mbele ya chifu?

Fotokopi juu ya flashi haichukue nafasi ya karatasi yenyewe. Biro inaweza kuikataa. Lakini inaonyesha namba, tarehe, jina la shule na saini. Kwa hizo, mtu anajua aombe wapi karatasi mpya. Bila hizo, anaanza na mikono mitupu.

Tujue pia ubaya wake. Flashi inabeba magonjwa: virusi Stuxnet, yenye iligunduliwa mwaka 2010, iliharibu mashini za nyuklia za Irani, na iliweza kupita kwa flashi. Kwa hiyo tusichomeke ya kuokota. Tena, ule umeme wa vile vyumba vidogo unavuja polepole. Flashi yenye kulala miaka mingi mu sanduku inaweza kusahau yote. Na haina mlango: mwenye kuiokota anasoma kila kitu. Mu eneo letu, lenye jina la mtu linaweza kumletea matata, orodha ya majina isiwekwe ndani bila kufungwa. Programu ya bure VeraCrypt inafunga kwa neno la siri, lakini ukisahau lile neno, basi.

Njo maana tunashauri hivi. Kila nyumba ipige picha makaratasi yake yote, mbele na nyuma. Iyaweke juu ya flashi mbili: moja nyumbani, ya pili kwa ndugu wa kijiji kingine, juu moto mmoja usile zote. Kila mwaka mzifungue, mnakili upya. Mwenye hana mashini aje na bahasha yake siku ya kikao, vijana wetu watamusaidia. Karatasi yenyewe atarudi nayo nyumbani.