Zoni Ilizaliwa na Mvua: Jinsi Vyuo Vilivyojifunza Kuivunja

Mwaka 1914 huko Bristol, West Virginia, paa la ukumbi lilivuja na sakafu ikalowa. Vijana wa kocha wa mpira wa kikapu Cam Henderson waliteleza kila walipojaribu kuwafuata wapinzani, kwa hiyo akawaamuru kila mmoja alinde sehemu yake ya uwanja. Hivyo ndivyo asili ya ulinzi wa zoni inavyosimuliwa. Anayecheza mpira wa kikapu Nanyuki au Nyeri wakati wa masika haoni ajabu. Viwanja vingi vya shule na vyuo vyetu ni vya saruji na viko wazi. Saruji ikilowa, kumkaba mtu mmoja mmoja ni kuhatarisha vifundo vya miguu.

Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani viliishambulia zoni kwa subira. Saa ya kupima shambulizi haikuwepo, hivyo timu iliyokuwa mbele ilishika mpira hadi walinzi wachoke kusubiri na watoke nje. Mwaka 1982, katika fainali ya ligi ya vyuo ya ACC, North Carolina ya Dean Smith ilifanya hivyo dhidi ya Virginia. Virginia walikataa kumwondoa Ralph Sampson, jitu la futi 7 na inchi 4, karibu na ringi. Mechi iliisha 47-45, na watazamaji walichukizwa. Msimu wa 1985-86 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikaweka saa ya sekunde 45, na msimu uliofuata ikaleta mtupo wa pointi tatu.

Tangu hapo wengi hudhani dawa ya zoni ni kutupa kutoka mbali. Syracuse ya Jim Boeheim, iliyoshikilia zoni ya 2-3 (walinzi wawili mbele, watatu nyuma) kwa miongo kadhaa, ilionyesha vinginevyo katika fainali ya 2003. Katika sekunde za mwisho, Michael Lee wa Kansas alipata mpira kwenye kona, mahali ambapo 2-3 huacha pengo. Hakim Warrick alitoka mbio chini ya ringi, akaruka na kuuzuia mtupo wake wa pointi tatu. Syracuse wakashinda 81-78.

Pengo lenye faida zaidi liko katikati, nyuma ya walinzi wawili wa mbele, kwenye mstari wa mitupo huru. Mweke hapo mchezaji mwenye macho na pasi nzuri, hata kama si mrefu. Akipokea mpira na kugeuka, senta wa upande wa pili hana budi kuchagua. Akimfuata, mshambuliaji mwingine aliyejificha kwenye mstari wa nyuma anapewa pasi chini ya ringi. Asipomfuata, mtupo wa karibu uko wazi. Walinzi wa pembeni wakibana ndani, pasi ndefu ya kuvuka uwanja inamkuta mtu peke yake upande wa pili.

Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa mlimani haumwonei huruma mtupaji. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75, na timu ina sekunde 24 tu. Nasema wazi kwamba timu ya hapa inayotegemea pointi tatu inajinyima. Makocha wa Laikipia na Nyeri, anzeni mazoezi ya msimu kwa pasi ya katikati, na mtupo wa mbali uje baadaye.