Nani Alilipa Safari ya Pamba?

Watu wa Kasongo na Kabambare wamejua biashara ya mbali tangu zamani. Kabla ya Wabelgiji, misafara ilitoka Zanzibar, ikapita Tabora, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapumzika Kabambare, kisha ikafika Kasongo kwa Tippu Tip. Huko ilitafuta pembe za ndovu. Kwa nini pembe, wala si mpunga au mawese? Sababu ni gharama ya njia. Pembe ina thamani kubwa katika uzito mdogo. Hata mpagazi akila miezi mingi njiani, na watemi wakidai hongo, faida ilibaki. Mzigo wa mpunga ungalimezwa wote na njia. Tena daftari za wafanya biashara hazikuonyesha gharama yote: wapagazi wengi walikuwa watumwa, na vijiji vilivyochomwa havikuandikwa popote.

Dola Huru la Kongo lilipotaka pembe hizo zishuke kwa mto na kulipa ushuru wake, ugomvi huo ukawa sababu moja ya vita vya 1892 hata 1894. Askari wa Dhanis waliingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893. Pembe hazikwenda tena mashariki kama zamani.

Sasa tutazame pamba. Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa nchi, na mwaka 1910 kodi ya kichwa iliamriwa. Mlimaji atapata wapi fedha ya kulipa? Mwaka 1917 amri ilitoka ya kulazimisha mazao, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kulimishwa pamba. Mwaka 1920 kampuni ya Cotonco ilianzishwa. Mwaka 1921 sheria nyingine iligawa nchi: kila kinu cha kuchambua pamba kilipewa eneo lake. Katika eneo lile kampuni ililazimika kununua pamba, lakini mwingine hakuruhusiwa kuinunua. Serikali ndiyo iliyopanga bei.

Bei ile ilihesabiwaje? Ilianzia mwisho, katika soko la Ulaya, ikarudi nyuma mpaka shambani. Na njia ni ndefu: mashua mpaka Ponthierville, gari la moshi mpaka Stanleyville, mashua tena mpaka Léopoldville, gari la moshi mpaka Matadi, ndipo meli.

Hebu tufanye hesabu ya mfano tu. Kilo 3 za pamba yenye mbegu hutoa karibu kilo 1 ya pamba safi. Tuseme kilo hiyo inauzwa Ulaya faranga 10. Toa 4 za safari, 1 ya kinu, 2 za kampuni, 1 ya ushuru. Zimebaki 2 za mlimaji. Sasa bei ya Ulaya ikishuka ikawa 9, mashua haipunguzi nauli, wala ushuru haupungui, wala kampuni haitaki kupunguza fungu lake. Imebaki faranga 1. Ulaya bei imeshuka sehemu moja katika kumi. Shambani imeshuka nusu!

Na kodi je? Tuseme ni faranga 40. Kwanza kilo 60 za pamba yenye mbegu zilitosha; sasa zatakiwa kilo 120. Hivyo, bei mbaya haikumpumzisha mlimaji, bali ilimwongezea jembe. Ndiyo maana shida ya dunia iliyoanza 1929 iliwaumiza sana watu wa pamba.

Wengine husema: ushuru ule ulilipwa na kampuni. Kweli, mkono wa kampuni ndio uliotoa fedha. Lakini mzigo wa ushuru humwangukia asiye na njia ya kukimbia. Kampuni ingeweza kushusha bei ya kununulia. Mlimaji hakuweza kuuza kwa mwingine, wala kuacha pamba apande mpunga tu, maana amri ilimshika.

Tangu 1960 nchi ina uhuru, lakini hesabu hii haijazeeka. Mnunuzi akija kijijini, msimwulize bei tu. Mwulizeni anauza wapi, njia inakula kiasi gani, ushuru ni ngapi. Kisha tazameni kama yuko mnunuzi wa pili. Akiwapo, wa kwanza naye atasema kwa adabu.